Nyumba ya Kasubi na daftari letu



Niliahidi kwamba juma hili nitaandika juu ya mbegu za maharagwe na namna ya kuzikinga na wadudu. Mnisamehe, maharagwe yatangoja. Tangu tulipotoka Kampala ninaulizwa swali moja, sokoni, kwenye mlango wa kanisa, hata kwenye foleni ya maji: "Mama, ni kweli muliacha biashara siku nzima, mukaenda kutazama makaburi ya wafalme wa watu wengine? Na kwa franga za nani?"

Nianze na franga, sababu hapo ndipo maneno yanaota. Sanduku la chama halikuguswa. Tulikuwa watu kumi na mmoja, wamama tisa na wababa wawili, wote wa kile kikundi kidogo kinachokusanya habari za zamani za kwetu Kirumba. Sita kati ya wamama walikuwa wanakwenda Kampala kwa biashara zao za kila siku, vikwembe, viatu vya watoto, vyombo vya plastiki. Sisi wengine tulichanga kwa likelemba miezi minne. Aliyekosa nauli alipikia wengine njiani, na chapati zake zilikuwa nzuri kuliko nauli yangu. Mwenye shaka aende kwa mama mtunza sanduku, atafunguliwa kitabu.

Safari yenyewe sitaieleza sana. Barabara ya Butembo hadi Beni, na ile ya Beni hadi Kasindi, mnaijua, na mnajua moyo wa mtu unavyokaa hapo mpaka avuke. Tukivuka Mpondwe tulipumua. Pale Bwera tuliagiza chai kwa Kinande, na yule binti wa hoteli akatujibu kwa lugha yake ya Lukonzo, hakuna aliyehitaji mkalimani. Tulipomwambia wasingya alicheka, akatuongezea sukari. Kisha basi la usiku, na asubuhi tuko Kampala na miguu imevimba.

Kasubi ni kilima kimoja kati ya vilima vya Kampala, karibu kilometa tano kutoka katikati ya mji. Ukiwa kwenye taksi huoni kama unakwenda mahali pa heshima. Ni maduka, karakana, nyama ya kuchoma, vumbi. Halafu ghafula unaona uzio wa matete, na nyuma yake paa moja kubwa la nyasi linalofika karibu na ardhi, kama kuku mkubwa aliyelalia mayai yake. Mama mmoja wetu alisema hivyo, nami sijapata mfano bora.

Zamani hapo palikuwa nje ya mji wowote, ni nyumba ya mfalme katika mashamba yake. Hata leo sehemu kubwa ya kilima ni mashamba, ndizi na maharagwe na mihogo. Eneo lote linakaribia hekta 30, na mji umelizunguka pande zote. Aliyejenga ni Kabaka Mutesa wa Kwanza, mwaka 1882. Huyu ndiye aliyempokea Mwingereza Speke mwaka 1862 na Stanley mwaka 1875, na wakati wake ndipo wamisionari Waprotestanti walifika, mwaka 1877, kisha Mapadri Weupe mwaka 1879. Alikufa mwaka 1884, akazikwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Hapo alivunja desturi. Kabla yake kila kabaka alikuwa na mahali pake pa kuzikwa, na mfupa wa taya ulitengwa na mwili ukawekwa kwenye nyumba nyingine. Mutesa alizikwa mzima. Na waliomfuata wakaja kulala pale pale alipo yeye: Mwanga, aliyekufa uhamishoni Visiwa vya Shelisheli mwaka 1903 na kurudishwa mwaka 1910, Daudi Chwa, aliyetawazwa akiwa mtoto mdogo mwaka 1897 na kufa mwaka 1939, na Mutesa wa Pili, aliyekufa London mwaka 1969. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja wamelala baba, mtoto, mjukuu na kitukuu. Wawili kati ya hao wanne walifia mbali na kwao, na mifupa yao ilisafirishwa kurudi. Mama aliyekaa karibu yangu, ambaye mume wake alizikwa huku ukimbizini, aligeuza uso aliposikia jambo hilo. Sikumuuliza kitu.

Basi, nawaeleza mtu anavyoingia. Kwanza kuna nyumba ya mlango, inaitwa Bujjabukula, nayo imejengwa kwa matete. Zamani walinzi walikaa humo, wakimwona mgeni kabla mgeni hajawaona. Ukipita kuna ua mdogo na nyumba ya ngoma. Ndipo unaingia ua mkubwa wa mviringo, wenye nyumba ndogo ndogo kuuzunguka, na mbele yako ile nyumba kubwa. Jina lake ni Muzibu Azaala Mpanga. Upana wake kutoka upande hadi upande ni meta 31, na ndani urefu wake kwenda juu ni meta saba na nusu. Wamama wanaovaa suruali wanapewa nguo ya kujifunga kabla ya kuendelea. Sisi tulikuwa na vikwembe vyetu, hatukupewa kitu, na kuna mmoja wetu aliyetembea kwa majivuno mpaka tulipomkumbusha kuvua viatu.

Siku ile hatukuingia ndani ya nyumba kubwa. Tulikaa uani kwenye mikeka, miguu upande mmoja kama wamama wa Buganda wanavyokaa, tukasikiliza aliyetuongoza. Alitueleza kwa Kiswahili na Kiganda vikichanganyika, na mfanyabiashara mmoja wetu akitusaidia pale tulipopotea.

Ndani, alisema, dari inashikwa na pete kubwa zilizofungwa moja juu ya nyingine, 52, kwa hesabu ya koo za Baganda. Kila ukoo una pete yake juu ya vichwa vya wafalme. Nguzo zimevikwa nguo ya magome ya mti, na nyuma kabisa kuna pazia la magome hayo hayo. Nyuma ya pazia wanaita kibira, yaani msitu. Hapo ndipo makaburi yalipo. Baganda hawasemi kwamba kabaka amekufa. Wanasema amepotea msituni. Na siku kabaka anapofariki, ule moto unaowaka mlangoni mwa jumba lake muda wote wa utawala wake unazimwa, na watu wanatangaziana kwamba moto wa Buganda umezimika.

Nguo hiyo ya magome nilipewa kuishika. Ina rangi ya udongo mwekundu, laini upande mmoja, mkwaruzo upande mwingine. Inatoka kwenye mti wanaouita mutuba. Fundi anabandua gome, analichemsha au kulipitisha kwenye mvuke, kisha analipiga kwa nyundo za mbao zenye mistari, masaa na masaa, mpaka kipande chembamba kinakuwa kipana kama blanketi. Mti haufi. Unafungwa majani ya ndizi pale ulipobanduliwa, kama kidonda, na mwaka unaofuata gome linaota tena. Unesco iliitangaza kazi hiyo mwaka 2005 kuwa urithi wa dunia nzima. Bibi zetu nao walivaa nguo za magome kabla ya vikwembe kufika, ila nani kati yetu angeweza kusema ni mti gani, ulibanduliwa mwezi gani, nyundo ilikuwa ya mti upi? Tulitazamana, watu kumi na mmoja wa kikundi cha historia. Hakuna aliyejibu.

Sasa nifike kwenye habari ya wamama, sababu ndiyo iliyonifanya niache maharagwe.

Nyumba hii inatunzwa na wanawake. Mlinzi wake mkuu wa mambo ya roho ana cheo cha Nalinya, binti wa ukoo wa kifalme. Msaidizi wake ni Lubuga, na mmoja wa wajibu wake ni kupanga nani atalima kipande gani cha kilima. Zile nyumba ndogo kuzunguka ua ni za wajane. Wake wa mfalme wa kwanza walipokufa, koo zao zilileta wanawake wengine kushika nafasi zao, na hivyo hivyo mpaka leo. Wanapokezana zamu, wanakaa kwenye mikeka karibu na wafalme, wanapokea wageni, wanasuka vikapu na mikeka, wanalima. Yaani mfalme aliyekufa mwaka 1884 bado ana mtu wa kumtandikia.

Kuna aliyeguna hapo, nakubali. Mjane wa mtu ambaye hajawahi kumwona! Lakini tazameni yaliyopita juu ya kilima hiki. Mwaka 1953 Waingereza walimfukuza Mutesa wa Pili akapelekwa Uingereza, akarudi mwaka 1955. Mwaka 1963 akawa rais wa Uganda, na mwezi wa tano 1966 askari wa serikali, wakiongozwa na Idi Amin, walishambulia jumba lake la Mengo naye akakimbia. Mwaka 1967 serikali ya Obote ilifuta falme zote. Amin yule yule, baada ya kushika nchi, ndiye aliyemrudisha Mutesa katika sanduku mwaka 1971. Ufalme ulikaa bila kutambuliwa mpaka mwaka 1993. Miaka yote hiyo, wakubwa wakipandishana na kushushana, kilima cha Kasubi kilikuwa na wamama waliofagia ua asubuhi.

Na mama wa mfalme, tusimsahau. Buganda anaitwa Namasole, ana jumba lake na watumishi wake na mashamba yake, na desturi inamtaka akae kilima kingine, maji yakipita katikati yake na mwanawe. Wamama wetu walilipenda sana jambo hilo. Mmoja alisema angeomba mto upite kati yake na mwanawe wa kwanza, hasa tangu alipooa. Pia kuna habari ya kitovu. Kitovu cha mtoto wa mfalme hakitupwi. Kinatunzwa, kinaitwa pacha wake, nacho kinapewa heshima yake mpaka baada ya kifo. Sisi tunazika kitovu cha mtoto chini ya ndizi, na wengi wenu mnajua ndizi yenu ilikuwa wapi. Nasema ilikuwa.

Lakini paa, wamama, paa si letu. Kuezeka Kasubi ni kazi ya ukoo mmoja tu, ukoo wa Ngeye, wenye mbega kama mnyama wao. Kuvika nguzo nguo za magome ni kazi ya ukoo wa Ngo, wa chui. Na wakati wa kuezeka mwanamke haruhusiwi kuingia ndani ya nyumba. Inaaminiwa kwamba akiingia paa litavuja.

Hapo palitokea mabishano ambayo hayakuisha mpaka Kasindi. Mama mmoja, fundi wa kushona, mwenye ulimi mkali, alisema: "Kulala na kaburi ni mimi, kufagia ni mimi, kulima ni mimi, halafu nyasi zinaniogopa?" Baba mzee wa kikundi alimjibu kwa upole kwamba hata kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba, na kila kazi ina mwenyewe. Naye akamjibu kwamba kwetu nyumba ya udongo bila mwanamke haisimami, sababu maji ya kukanyagia udongo hayaji yenyewe, na anayepaka ukuta kwa mikono ni nani? Baba akakubali juu ya maji. Juu ya paa hakukubali.

Mimi nina maoni yangu nami nitayasema. Mwiko unaompa kila ukoo kazi yake naufahamu, sababu ndio unaofanya kazi isisahauliwe. Mtoto wa Ngeye akijua kwamba hakuna mwingine atakayeezeka, atajifunza. Lakini kusema kwamba mwili wa mwanamke unaleta uvujaji, hilo linanishinda. Nyumba hii haikuharibiwa na mwanamke aliyeingia wakati wa kuezeka.

Iliharibiwa na moto. Tarehe 16 mwezi wa tatu 2010, usiku, paa lote liliwaka. Nyasi kavu, matete, nguo za magome, mnajua inavyokuwa. Ndani mlikuwa na ngoma, mikuki, picha za wafalme, hata chui aliyekaushwa ambaye wanasimulia kwamba Mutesa wa Kwanza alimfuga. Watu walikusanyika kilimani wakilia usiku kucha. Kesho yake Rais Museveni alipofika kulitokea vurugu, askari wakapiga risasi na watu wakafa. Serikali iliunda tume kuchunguza moto ulitoka wapi. Makaburi yenyewe, chini ya ardhi, yalibaki. Mwaka ule ule Unesco, iliyokuwa imeiandika Kasubi katika urithi wa dunia tangu 2001, iliihamishia kwenye orodha ya mahali palipo hatarini.

Kazi ya kuijenga tena ilichukua zaidi ya miaka kumi. Kasubi ilitolewa katika orodha ile ya hatari mwezi wa tisa 2023.

Kuna jambo ambalo sikulitarajia. Wajapani walisaidia, kwa franga na kwa mafundi. Nilijiuliza, Mjapani na nyasi wapi na wapi? Kumbe kwao pia kuna vijiji vya nyumba za nyasi. Kimoja kinaitwa Shirakawa, kiko milimani penye theluji nyingi, na paa likizeeka kijiji kizima kinatoka siku moja kuezeka nyumba ya mmoja, kesho ya mwingine. Ni salongo. Ni ile ile salongo yetu, isipokuwa kwao hakuna anayetoza faini kwa asiyekuja, angalau sidhani.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, sababu nakuja kwenye daftari, na wengi waliojiunga baada ya sisi kufika Butembo hawaijui habari hii.

Kikundi chetu kilipoanza kule Kirumba tulikuwa tunakaa na wazee jioni, wa pale mjini na wa vijiji vya juu, tunawauliza. Nani alifungua soko la kwanza. Barabara ilipitishwa na nani na kwa mijeledi mingapi. Wamama walizaliaje kabla ya maternite. Majina ya vilima, majina ya miti ya kujengea, nyimbo za kupalilia. Tulijaza madaftari matatu, yale makubwa yenye jalada gumu. Mama mmoja alichaguliwa kuyatunza, sababu nyumba yake ilikuwa ya manjanja, haivuji.

Mwisho wa mwezi wa sita 2024 vita vilipofika Kanyabayonga, kisha kwetu, kila mmoja alibeba alichoweza. Yule mama alikuwa na mtoto mgongoni, mwingine mkononi, sufuria na godoro kichwani. Madaftari yalibaki chini ya kitanda. Miezi baadaye mtu wake alifika kule, akakuta kuta zimesimama, mlango hakuna, kitanda hakuna, na jikoni, katika majivu, jalada moja gumu lililoungua nusu. Karatasi zilikuwa zimewashia moto wa kupikia. Tangu siku ile mama huyo anakuja mikutanoni lakini hasemi. Anakaa karibu na mlango. Hatujawahi kumlaumu, nami naapa hakuna aliyemwambia neno. Lakini wawili kati ya wale nyanya tuliowaandika wameshakufa ukimbizini, na kila anaposikia tangazo la msiba najua anahesabu kurasa.

Pale Kasubi, aliyetuongoza alipomaliza habari ya moto akauliza kama kuna swali, ni yeye aliyeinua mkono. Sote tuligeuka. Aliuliza: "Nyumba ilipoungua yote, mulijuaje kuijenga tena kama ilivyokuwa?"

Aliyetuongoza hakujibu haraka. Alisema kwanza kulikuwa na picha na vipimo, sababu nyumba ilikuwa imepigwa picha na kupimwa na watu wengi, na hiyo ilisaidia. Tena haikuwa mara ya kwanza kutengenezwa. Mwaka 1938, wakati wa Daudi Chwa, iliwahi kujengwa upya na kutiwa chuma na saruji ndani. Lakini picha, alisema, haikuonyeshi fundo. Picha haikuambii nyasi zikatwe mwezi gani, zikauke siku ngapi, mafungu yawe mazito kiasi gani, mkono wa kushoto unashika wapi wakati wa kulia unavuta. Hiyo ilikuwa mikononi mwa wazee wa Ngeye, na baadhi yao walikuwa wamezeeka, wengine wameondoka. Ikabidi vijana wakae chini yao wafundishwe, polepole, na ndiyo sababu moja kazi ilikuwa ndefu.

Mama akauliza tena: "Kwa hiyo kama wale wazee wangekufa wote kabla?"

Akasema: "Tungejenga nyumba. Isingekuwa hii."

Hakuna aliyeongeza neno. Tulivaa viatu, tukaenda kutazama wamama wawili waliokuwa wanasuka mikeka chini ya kibanda, na fundi wetu wa kushona akanunua mmoja baada ya kupunguziwa bei mara tatu.

Usiku kwenye basi, wengine wamelala, mama wa daftari alinigusa bega. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba anakumbuka. Nikamuuliza anakumbuka nini. Akasema nyanya wa Mighobwe alivyoeleza namna ya kumpokea mtoto aliyetanguliza miguu, anakumbuka neno kwa neno, sababu yeye ndiye aliyekuwa anaandika na mkono ulimwuma. Na wimbo wa kupalilia uleusine. Na majina ya vilima kutoka mtoni kwenda juu. Aliyataja gizani, moja moja. Nilihesabu kumi na manne, halafu akakwama, akarudi mwanzo, akapata kumi na sita. Baba mzee kiti cha mbele, ambaye tulidhani amelala, akasema bila kugeuka: "Umeruka moja." Akalitaja.

Mjue hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akiongea sentensi tatu mfululizo tangu tuondoke kwetu.

Kwa hiyo hiki ndicho tulichofanya huko, kwa anayeuliza. Tulipofika Kasindi alinunua madaftari mapya matatu kwa franga zake, akakataa tusichange. Tulikubaliana kwa njia ya kura, na kura moja tu ilipinga. Kila habari itaandikwa mara tatu. Daftari moja litakaa Butembo, moja litapelekwa Beni kwa wenzetu, la tatu tutalipeleka ng'ambo ya Kasindi kwa mmoja wa dada zetu wanaoishi huko. Na kila habari, kabla ya kuandikwa, itafundishwa kwanza kwa msichana mmoja na mvulana mmoja, wairudie mbele yetu bila karatasi. Aliyepiga kura ya kupinga alisema ni kazi nyingi, na ni kweli. Picha za simu tutapiga pia, lakini simu mnajua zinavyoibiwa.

Tunahitaji watu. Ambaye mama yake au bibi yake anajua kuezeka kwa nyasi, hata kama aliona tu akiwa mtoto akibeba mafungu, atuletee. Ambaye anajua mti wa nguo za magome kwa jina lake la Kinande, huyo tunamtafuta sana. Wanaojua nyimbo za kupalilia, za kubembeleza watoto, za msiba, na wale waliokuwa wakunga kabla ya maternite, pia. Na wababa wanaoezeka wakaribie bila woga. Fundi wa kushona ameahidi kutowashambulia mkutano wa kwanza.

Tunaanza Alhamisi saa tisa, pale pale tunapokutania. Asiyejua kuandika aje na mtoto anayejua, na mzee asiyeweza kutembea atume neno, tutamfuata nyumbani. Mama wa daftari ndiye atakayeandika. Leteni kiti, viti havitoshi.

Maharagwe juma lijalo, kweli.